Albamu Iliyosafiri kwa Trei za Mayai

Mama Wanyoike hakuwahi kumwita mjukuu wake kwa jina la jukwaani. Wengine wote, kuanzia watangazaji wa redio mpaka watoto wa shule ya Jumapili, walimwita Wira. Yeye alimwita Nyawira, lote, bila kukata, kwa sababu jina lilikuwa lake. Ndivyo walivyo watu wa kwao, waliotoka Nyeri wakaja kununua shamba Kitengela wakati swala bado walikuwa wakilala kando ya barabara ya Namanga. Msichana wa kwanza wa kijana wako anachukua jina lako, na akishalichukua, huyo ni wewe umerudi kuwa mtoto. Wanyoike mwenyewe, kabla hajaenda Qatar kulinda mageti ya matajiri, alikuwa akimwita bintiye "maitu", yaani mama yangu, hata siku ya kumgombeza kwa kumwaga uji.

Kwa hivyo bango kubwa lenye jina la msichana lilipowekwa juu ya barabara pale mjini, Mama Wanyoike alienda kulitazama akiwa amevaa nguo ya kanisa. Hakuwa msomaji, lakini jina lake alilijua kwa umbo, vile mtu anajua ng'ombe wake kwa mbali. Alilitazama akakunja uso.

"Wamelikata," alisema. "Mbele hakuna kitu."

"Ni la biashara, Cucu," Nyawira akamwambia nyanya yake. "Fupi linashika."

"Mimi sikupewa jina fupi."

Lakini bango alilipenda. Kila alipopeleka mayai mjini alipita chini yake, ingawa njia ya mkato ilikuwa ile nyingine ya nyuma ya soko. Alifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, huko Noonkopir, na wateja wake walikuwa wa kila aina: wenye maduka, wenye hoteli, wauza mayai ya kuchemsha na soseji za smoki kwa toroli. Wote walimjua. Alikuwa hauzi yai chafu, na hauzii mtu asiyesalimia.

Albamu ya kwanza ya Nyawira ilikuwa moto. Nani Kitengela hakuimba "Stima Imerudi"? Nyawira aliutunga akiwa anashona mifuko ya jinzi kule EPZ, kwenye viwanda vya nguo za kuuzwa nje. Stima ilipotea, mashine zote zikanyamaza, na iliporudi wasichana wakapiga ukelele pamoja kama kawaida yao. Ukelele huo akautia kwenye wimbo, akauzungushia maneno, basi. Tangu hapo stima ikirudi mtaani watu hawakupiga kelele tena, waliimba. Kampuni moja ya muziki ya Nairobi ikamtafuta, ikamtoa kwenye mashine ya kushona, ikamtia studio. Wimbo ukapigwa kwenye harusi, kwenye mikutano ya wanasiasa, kwenye tangazo la sabuni. Mama Wanyoike akawa anakaa kiti cha mbele kanisani bila kukaribishwa.

"Mnasikia hilo jina?" alikuwa akiwauliza kina mama wenzake. "Ni langu. Yeye nimemuazima tu."

"Basi imba na wewe tukuone," akamjibu Nanjala, jirani yake wa kutoka Bungoma, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwa na likizo.

Halafu ikaja albamu ya pili.

Nyawira aliishughulikia muda mrefu. Akakataa kuweka ukelele mwingine, ingawa kampuni ilimwomba. Akatafuta mzee mmoja wa Gataka aliyejua kupiga kodiani ya zamani, akamtia studio. Akaiita albamu Geti Nyeusi, kwa geti la nyumba ya nyanya yake, mahali alipokaa utotoni akimngoja baba aliyesema anarudi Krismasi. Mama Wanyoike aliisikia kwanza jikoni, akiwa amesimama na mwiko mkononi, na sukuma wiki ikaungua akiitazama. Hakulia. Alisema tu, "Hapo kwa kodiani, sawa." Kwa mtu anayemjua, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Redio hawakusema sawa. Mtangazaji mmoja wa asubuhi alipiga nusu ya wimbo wa kwanza, akaukata, akasema hii ni albamu ya matanga, nani ameaga? Mwenzake akacheka akasema, "Wasee, stima imepotea tena!" Neno likashika kuliko nyimbo zenyewe. Watu wakalirudia kwenye simu zao, wakachora picha za Nyawira akiwa ameshika mshumaa. Kwenye orodha ya nyimbo zinazopendwa wiki hiyo Geti Nyeusi iliingia kule chini kabisa, mahali pa kukanyagwa, na wiki iliyofuata haikuwemo.

Nyawira alikuja nyumbani Jumapili, akakaa juu ya gunia la chakula cha kuku kama zamani.

"Kampuni imesema wanangoja mpaka shule zifungwe Agosti," alisema. "Kama albamu haitakuwa imesikizwa vile wanataka, wananiachilia. Hakuna albamu ya tatu. Na ile shoo waliyonipangia Kajiado wanafuta. Nitarudi EPZ, Cucu."

"Jina langu halirudi kushona mifuko."

"Si kupenda kwangu. Shida watu hawajaisikia. Wamesikia matusi ya redio tu. Ni watu waisikie."

"Watu waisikie," akarudia Mama Wanyoike polepole, kama mtu anayepokea maagizo ya dawa. "Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Kabla hajaondoka, Nyawira alimtolea flashi ndogo nyekundu yenye nyimbo zote, akaichomeka kwenye redio yake ya jikoni. Mama Wanyoike aliingoja gari ya mjukuu ipotee, akaichomoa flashi, akaifunga kwenye pindo la leso, akaenda mjini.

Gakuru alikuwa na kibanda kidogo cha nyimbo na filamu karibu na soko. Unamletea flashi yako, anakujazia unachotaka.

"Niaje, Cucu? Leo hakuna mayai?"

"Salimia vizuri."

"Shikamoo, Cucu."

"Marahaba. Niko na nyimbo. Kila mtu nitakayemtuma hapa na flashi yake, umjazie hizi. Mayai ya kiamsha kinywa chako ni juu yangu."

Gakuru akachomeka flashi, akakodolea macho kompyuta. "Hizi hazina majina, Cucu. Zimeandikwa namba tu. Niziite aje?"

Nyuma ya Mama Wanyoike kulikuwa na foleni, na mtu mmoja alikuwa akipiga ulimi kwa haraka. Mama Wanyoike hakutaka kuonekana anashindwa na jambo la kuandika. Alichotaka ni alama, ajue zake ni zipi.

"Ziite za mayai," alisema. "Hapo zitajulikana ni zangu."

Gakuru akaandika NYIMBO ZA MAYAI kwa herufi kubwa, na Mama Wanyoike akaitikia kwa kichwa kama aliyesoma.

Kuanzia siku hiyo hakuna trei iliyotoka kwake bila neno. "Uko na redio? Uko na spika? Toa flashi." Mwenye kusita aliambiwa mayai yamekwisha, na huku trei zimepangwa mbele yake. Kitheka, muuza smoki wa mtaa wa Yukos, alikuwa na spika ndogo chini ya toroli. Alijaribu kukataa.

"Mama, wateja wangu wanataka kitu cha kuchangamsha."

"Wanakula yai langu?"

"Wanakula."

"Basi watachangamka."

Ajabu ni kwamba walichangamka. Siku ya kwanza walinyamaza wakitafuna. Siku ya tatu mmoja akauliza kama ule wa kodiani unaweza kurudiwa. Mwisho wa mwezi, toroli zote za barabara ile zilikuwa zikiimba Geti Nyeusi, huku mayai yakipasuliwa na kujazwa kachumbari, na watu wa bodaboda wakajua mahali pa kuitikia.

Kulikuwa pia na Nashipae, mama wa Kimaasai aliyeleta maziwa kutoka Kisaju kila asubuhi na kuondoka na mayai kwenda kuyauza Kajiado.

"Takwenya," Mama Wanyoike alimwamkua.

"Iko," akaitikia Nashipae, akishusha madumu. "Wale watoto wangu wamemaliza betri ya redio, wewe. Ni huyo wako. Hata mzee anaimba akifungua zizi, na yeye hata kanisani haimbi!"

Mama Wanyoike hakutosheka na kuambiwa. Alipanda gari siku ya soko akaenda Kajiado mwenyewe na trei mbili za kisingizio. Akasikia wimbo wa mjukuu wake kwenye bucha. Akausikia kwa wauza viatu. Akawakuta wanawake wa shanga wakiuimba bila redio, mikono ikiendelea na kazi, na kodiani wakaitoa kwa midomo. Alisimama pale akajifanya anachagua mkufu. Alirudi nyumbani shingo imenyooka, na hakuuza hata yai moja.

"Kajiado imeisha," alimwambia Nanjala. "Sasa nangoja hao wa Nairobi waje kuomba msamaha."

Nairobi ilikuja kweli. Alikuja Dalmas, kijana wa kampuni aliyesimamia kazi ya Nyawira, na Nyawira akiwa nyuma yake, macho yamevimba. Mvua ilikuwa imenyesha, na Dalmas alivaa viatu vyeupe. Udongo mweusi wa Kitengela ulimpokea tangu alipoteremka kwenye gari. Alifika mlangoni kila mguu mzito kama amevaa mkate.

"Pole," akasema Mama Wanyoike, kwa sauti isiyo na pole. "Karibu. Acha viatu nje."

Dalmas akakaa na soksi zake, akafungua kompyuta juu ya meza, akaigeuza ili Mama Wanyoike aone. Kulikuwa na ramani ya nchi, na mahali penye wasikilizaji palikuwa na mwanga. Nairobi kidogo, Kisumu kidogo, Mombasa tone.

"Hapa ndiyo Kitengela, mama. Na hapa Kajiado."

"Mbona giza?"

"Ndiyo nimekuja kuuliza. Nyumbani kwao kabisa, na hakuna mtu anaisikiza. Bosi ananiuliza, kama hata kwao hawamtaki, sisi tumtakie nini?"

Mama Wanyoike aliitazama ile kompyuta kama mtu aliyeambiwa mtoto wake ni kipofu. Wakati huo huo, nje ya geti, bodaboda ikapita taratibu kwa sababu ya tope, na spika yake ikiimba Geti Nyeusi, mwenyewe akiitikia kwa sauti mbovu.

Dalmas akainua kichwa. "Huyo ameitoa wapi?"

"Kwa flashi."

"Flashi ya nani?"

"Yangu. Unashangaa nini? Kitengela yote iko nayo. Isinya iko nayo. Kajiado wanaiimba wakishona shanga. Wewe na hilo giza lako hamna masikio."

Nyawira akaketi polepole. "Cucu. Ile flashi niliyokupa?"

"Ulisema watu waisikie. Wameisikia."

Dalmas hakuwa kijana mbaya. Alifunga macho, akayafungua, akaeleza kwa upole. Kampuni haijui habari za flashi. Mashine inahesabu mtu akiusikiza wimbo kwa simu, kwa intaneti, kwa bando. Huyo wa bodaboda anaweza kuimba mpaka Namanga, kwa mashine hajaimba. Na kwa kuwa ameshaupata bure, hatautafuta tena kwa simu.

"Kwa hivyo masikio ya watu hayahesabiwi," akasema Mama Wanyoike. "Inahesabiwa simu."

"Ni hivyo, mama."

"Huo ni ujinga."

"Ni ujinga ndio unatulipa," akasema Dalmas, akaenda kukwangua viatu vyake kwa kijiti.

Nyawira hakumgombeza nyanya yake. Hilo ndilo lililomuuma Mama Wanyoike. Angegombezwa, angejibu. Msichana alikaa tu, akikwaruza trei kwa kucha, akasema, "Sikukuambia wanahesabu nini, Cucu. Ningekuambia." Na Mama Wanyoike, ambaye hajawahi kusema nimekosea hata kwa marehemu mume wake, alisema atalitengeneza.

Siku hiyo hiyo alimwita Lorine, mpangaji wake wa chumba cha nyuma, anayefanya kazi Nairobi na kuishi na simu mkononi. Lorine akamwonyesha mahali nyimbo za Nyawira zilipo kwenye intaneti na namna ya kubonyeza. Akaweka kwenye simu ya Mama Wanyoike, akaweka kwenye ya Nanjala. "Lakini inakula bando, Cucu," alionya, akakimbilia kazini.

Bando haikuwa shida. Kanisa lilikuwa limetiwa waifai, ya kurushia ibada, na kina mama walikuwa na zamu ya kumenya viazi vya mkutano wa wazee. Mama Wanyoike akapitisha neno: kila mmoja aje na simu, na kama nyumbani kuna simu ya kijana au ya bwana, aje nayo pia. Walikuja wote. Hakuna aliyetaka kuulizwa na Mama Wanyoike Jumapili kwa nini hakuja.

Simu zikapangwa juu ya meza ndefu ya ukumbi, zote zikaanza kuimba, kila moja mahali pake, kodiani ikikanyaga kodiani. Mzee Wachira akatoka mbio kwenye chumba cha mkutano, miwani mkononi.

"Kina mama! Hii ni nyumba ya Mungu ama ni kilabu?"

"Ni kazi, mzee," akamjibu Mama Wanyoike.

"Kazi gani? Hata mimi sijisikii nikiomba!"

Basi akawaambia wenzake wazime sauti, lakini wasizime wimbo. Zikanyamaza zote. Zikabaki zimelala mezani zikiwaka, vile vipicha vya Nyawira vikizunguka, na hakuna kilichosikika ila visu na maji ya ndoo. Wimbo ukiisha, mama mmoja anapangusa kidole kwa aproni, anaubonyeza tena. Simu zikapata moto kama chapati.

"Sasa hii inaimbia nani?" akauliza Nanjala.

"Inaimbia mashine. Bonyeza yako, imesimama."

Walimenya viazi siku nzima, na kesho yake wakarudi kumenya vingine ambavyo havikuhitajika. Jioni Nyawira akapiga simu, sauti imepanda kama zamani.

"Cucu! Kitengela imewaka! Dalmas amenitumia ramani, ni kama moto! Bosi mwenyewe ameuliza Kitengela kuna nini!"

"Kuna watu," akasema Mama Wanyoike. Usiku huo alilala vizuri.

Ilidumu mpaka Alhamisi. Nyawira alikuja na basi, bila Dalmas, bila kutuma habari. Alikuta nyanya yake na Nanjala wakiosha trei. Akaweka simu mezani, sauti nje, Dalmas akiwa kwenye laini.

"Waambie wewe, Dalmas. Mimi siwezi."

"Mama, shikamoo," Dalmas akasema kutoka kwenye simu. "Wale wenye mashine wamefuta hesabu yote. Wanasema walioisikiza wametoka kwa waifai moja, siku mbili mfululizo ni hao hao, wimbo ule ule, na sauti imezimwa. Mashine imesema hao si watu. Imesema ni roboti."

"Roboti gani?"

"Ni kompyuta inayojifanya mtu, mama."

"Najua roboti! Nauliza ni nani? Nanjala ni roboti?"

"Hata bwanangu ashawahi kusema," akanong'ona Nanjala, kisha akaona uso wa Nyawira, akainamia trei zake.

"Wameitoa albamu nzima kwa uchunguzi," Dalmas akaendelea. "Hata wale waliokuwa wakiisikiza kweli hawawezi kuipata. Itarudi, lakini si kabla ya Agosti. Na bosi amesema kampuni haiwezi kukaa na msanii wa wizi wa hesabu. Nimemwambia si yeye. Amesema ni jina lake liko juu."

Jina lake liko juu. Mama Wanyoike alilisikia hilo kuliko yote.

"Mpe huyo bosi simu," alisema. "Aje aone mikono yetu. Vidole vimebabuka kwa viazi na kwa simu. Roboti inababuka?"

"Mama, ameshaamua."

Laini ikakatika. Nanjala akakumbuka kuwa ana nguo kwenye kamba, akaenda. Nyawira akasimama katikati ya jikoni, mrefu, amefanana na nyanya yake mpaka kwenye kukunja mdomo.

"Ulijua ile ya flashi imeharibika. Ungeniuliza. Kupiga simu tu, Cucu. 'Nyawira, nataka kufanya hivi.' Basi."

"Na ningengoja nani? Dalmas na viatu vyake?"

"Ungeningoja mimi! Ni albamu yangu!"

"Na jina ni la nani?"

"Ndiyo hiyo!" Nyawira akapiga meza, trei zikaruka. "Kila kitu ni jina lako. Sasa jina lako limeandikwa wizi. Umefurahi?" Akajishika uso. Aliposema tena, alisema chini. "Usinisaidie tena, Cucu. Nakuomba. Usinisaidie."

Mama Wanyoike alichemsha mayai mawili, akayamenya, akayaweka kwenye sahani mbele ya mjukuu wake na chumvi pembeni. Yakapoa hapo.

Shule zikafungwa. Shoo ya Kajiado haikutajwa tena. Bango la barabarani lilishushwa, likawekwa la kutangaza mabati, na Mama Wanyoike akaanza kutumia njia ya mkato. Nyawira akahama chumba alichopanga Nairobi, akarudi nyuma ya geti nyeusi, na Jumatatu moja akafunga kitambaa kichwani akaenda EPZ. Wakampa mashine nyingine, si ile yake ya zamani. Jioni alikuwa akirudi na nyuzi za buluu kwenye kope, anakula, anaosha sahani, anasema "Lala salama, Cucu" kama mpangaji.

Mama Wanyoike alikaa na hiyo "lala salama" kwa wiki nyingi. Ndipo siku moja ya soko akaenda Kajiado, safari hii na mayai ya kuuza kweli. Wimbo bado ulikuwepo. Pengine ulikuwa umeongezeka. Gari la matangazo ya sabuni lilikuwa limesimama sokoni, kijana akicheza juu yake, na kipaza sauti kikipiga kelele, "Wimbo wa mayai! Kajiado, mko na wimbo wa mayai?" Watu wakaitikia wako nao. Kodiani ikaingia.

Akamgeukia binti mmoja wa shanga aliyekuwa akitingisha mabega.

"Huyo anaitwa nani, anayeimba?"

"Mimi sijui, shosho. Ni hii ya mayai tu."

"Iko na mwenyewe!"

"Wanasema ni mtu wa Tanzania."

Mama Wanyoike aliweka trei chini. "Wa Tanzania! Ni Nyawira! Wa Kitengela, Noonkopir, nyuma ya posho mili ya unga! Ni mimi!"

Binti akamtazama kuanzia leso mpaka viatu. "Ni wewe umeimba, shosho?" akauliza kwa adabu, na wenzake wakaangua kicheko.

Alitoka hapo moja kwa moja mpaka kibanda cha Gakuru, hata salamu hakudai.

"Futa hilo neno la mayai. Andika Nyawira."

"Cucu, mimi hapa nitaandika. Lakini hiyo kitu imetoka kitambo. Watu wamepeana, wakapeana. Iko Namanga, iko mpaka Arusha. Nitafuata flashi moja moja?"

"Si wewe uliandika?"

"Si wewe uliniambia?"

Mama Wanyoike alisimama hapo akitazama herufi kubwa kwenye kompyuta. Aliwahi kuwalaumu watu wa bango kwa kukata jina mbele. Yeye alikuwa amelitoa lote.

Kesho yake, Kitheka aliponyosha mkono kupokea trei, trei haikuja.

"Hizo nyimbo unapiga," akasema Mama Wanyoike, "ameimba nani?"

"Si ni za mayai?"

"Nakuuliza nani."

"Mama, wateja wananingoja."

"Hata mimi nangoja."

Ilichukua muda. Kitheka akasema Wira, akaambiwa lote. Akasema Nyawira, akaambiwa arudie, na trei ikaachiliwa. Ikawa ndiyo sheria. Mwenye hoteli alilisema. Mwenye bucha alilisema kwa hasira. Nashipae akalipeleka Kajiado pamoja na mayai, na akaapa kuwa kule naye hauzi mpaka limesemwa. Watu walimwona Mama Wanyoike amezeeka vibaya. Mteja mmoja wa zamani akaacha kununua kwake kabisa, akasema yeye si mtoto wa shule. Akamwacha aende.

Jumamosi, Nyawira alipokuwa hana zamu, alimsaidia nyanya yake kubeba trei mpaka Yukos. Kwenye toroli ya Kitheka kulikuwa na mteja, fundi wa kupaka rangi, mkono umenyoshwa, na Kitheka ameshikilia yai lake lililojaa kachumbari, halitoi. Chini ya toroli spika ilikuwa ikiimba.

"Kwani huu ni mtihani?" fundi alikuwa akiuliza. "Nimelipa!"

"Sema ameimba nani. Ukikosa, mama wa mayai ananinyima. Si mimi, bro, ni sheria."

"Wira, basi!"

"Lote," Mama Wanyoike akasema kutoka nyuma.

"Nyawira! Nyawira! Haya, nipe yai!"

Alipewa, akaondoka akitafuna na kunung'unika, wala hakumtazama yule msichana wa kitambaa aliyesimama na trei. Nyawira alimfuata kwa macho mpaka akavuka barabara. Mdomo wake ulikunjika, haikujulikana ni kicheko au ni nini.

"Hiyo haitahesabiwa mahali popote, Cucu," alisema.

"Najua," akasema Mama Wanyoike. Neno hilo lilimtoka kwa shida. "Shika trei vizuri, ya chini inateleza."